Jicho Kabla ya Mkono: Mwongozo wa Kucheza Assassin's Creed Shadows Ukiwa Isansa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu akaaye Isansa katika wilaya ya Mbozi, au popote penginepo katika mkoa wa Songwe, ambaye amesikia habari za mchezo wa Assassin's Creed Shadows, akavutiwa na picha zake, na sasa ana azma ya kuucheza kwa ukamilifu badala ya kuudokoa kwa dakika chache katika banda la gemu. Mchezo huu ni wa gharama, ni mrefu, na una tabia ya kumwadhibu mwenye pupa mara mbili: kwanza dukani, ambako fedha hupotea kwa kununua kisichofaa, na pili ndani ya mchezo wenyewe, ambako mchezaji akimbiliaye upanga hujikuta amezingirwa na walinzi ambao hakuwatazama. Kwa sababu hiyo kanuni moja itapita katika kila sehemu ya maelezo haya: tazama kwanza, kisha tenda.

1. Ujue mchezo kabla ya kuutafuta

Mfululizo wa Assassin's Creed hutolewa na kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa, nao ulianza mwaka 2007. Tangu hapo umemtembeza mchezaji katika zama na nchi mbalimbali, zikiwamo Misri ya kale katika toleo la 2017 na Baghdad ya karne ya tisa katika toleo la 2023. Shadows, uliotoka tarehe 20 Machi 2025 baada ya kuahirishwa mara mbili, umewekwa Japani kuanzia mwaka 1579, zama za vita vya mabwana wa ngome, na una wahusika wawili unaowaongoza: Naoe, binti wa jimbo la Iga aliyehitimu katika kunyemelea, ambaye ni wa kubuniwa, na Yasuke, samurai mweusi, ambaye alipata kuishi kweli.

Yasuke anatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko mhusika mwingine yeyote wa mfululizo huu, kwani yamkini alitoka pande za Msumbiji, akafika Japani mwaka 1579 katika msafara wa Alessandro Valignano, kasisi Mjesuiti wa Italia. Mwaka 1581 alifikishwa mbele ya Oda Nobunaga, mtawala aliyekuwa na nguvu kuliko wenziwe wote nchini humo, ambaye hakusadiki kwamba weusi ule ni wa kuzaliwa, akaamuru aoshwe. Na alipoona rangi haitoki alimpenda, akamweka katika utumishi wake, akampa nyumba, posho na upanga mfupi. Nobunaga alipoangamia mwezi Juni 1582 kwa hiana ya Akechi Mitsuhide, katika hekalu la Honnoji, Yasuke alikuwa upande wa bwana wake. Na baada ya siku hiyo habari zake katika maandishi hufifia. Mchezo umelijaza pengo hilo kwa hadithi, basi uufurahie kwa hadithi yake, wala usiuchukue kuwa kitabu cha tarihi.

2. Kabla hujatoa fedha

Sababu ya kuanza na mashine, umeme na intaneti, na si na upanga, ni kwamba mambo haya matatu ndiyo yanayowakwamisha wengi wakaao mbali na miji mikubwa. Na mtu akisha kununua mashine isiyofaa hakuna ustadi wa vidole utakaomwokoa.

1. *Hakikisha kizazi cha mashine.* Shadows huchezwa katika PS5, Xbox Series X na S, kompyuta yenye nguvu, na tangu Desemba 2025 katika Nintendo Switch 2. Hauchezwi katika PS4. Mwenye PS4 asiibadili kwa haraka: toleo la Mirage la mwaka 2023, lile la Baghdad, huchezwa humo, nalo ni mafunzo mema ya kunyemelea.

2. *Ukichagua kompyuta, soma vipimo vyake.* Kiwango cha chini kilichotangazwa ni kumbukumbu ya gigabaiti 16, kadi ya picha ya daraja la GeForce GTX 1070 yenye gigabaiti 8, na nafasi ya gigabaiti 115 katika diski ya SSD. Kompyuta mpakato za kawaida za ofisini haziufikii mstari huo, hata muuzaji akiapa.

3. *Nunua mashine yenye tundu la diski.* Duka la mtandaoni la PlayStation halina tawi rasmi la Tanzania, hivyo malipo ya humo huleta usumbufu mwingi. Ilhali diski huibeba mkononi, ukaiazima, na ukisha kumaliza ukaiuza. Ziko PS5 zisizo na tundu hilo, na Xbox Series S haina kabisa; zitazame vizuri, kwa kuwa bei yake ya chini ndiyo huwanasa wasiouliza.

4. *Ukinunua Tunduma, dai risiti ya EFD.* Mji wa mpakani una bidhaa nyingi na bei za kuvutia, lakini mashine iliyovushwa bila ushuru inaweza kukamatwa mikononi mwako, na isiyo na risiti haina pa kurudishwa ikiharibika.

5. *Mashine iliyokwisha kutumika ijaribiwe mbele ya macho yako kwa muda wa nusu saa.* Sikiliza feni kama inavuma kupita kiasi. Ingiza diski na kuitoa. Kisha iache pedi mezani bila kuigusa, utazame kama mhusika anatembea mwenyewe. Akitembea, vishikizo vya pedi vimekwisha kulika.

6. *Piga hesabu ya umeme.* PS5 ikichezeshwa mchezo mzito hula takribani wati 200, yaani saa tatu za mchezo ni kama uniti 0.6 za LUKU, mbali na runinga. Mtu akicheza hivyo kila siku, mwisho wa mwezi atakuwa ametumia uniti 18 hivi kwa mashine peke yake. Nyumba iliyo katika daraja la watumiaji wadogo, ambalo ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi, yaweza kuvuka mpaka ule kwa sababu ya gemu na kuanza kulipa bei ya juu. Basi mwenye nyumba apewe hesabu hii mapema, asije akaigundua kwenye mita. Sola ndogo za taa na kuchajia simu haziwezi mzigo huu.

7. *Piga hesabu ya intaneti.* Gigabaiti 115 zikishuka kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua takribani saa 26 bila kukatika hata mara moja, na bando la simu la kuzitosheleza ni ghali. Ukilazimika kupakua, ibebe mashine yenyewe uende kwa ndugu au rafiki wa mjini mwenye intaneti isiyopimwa, umwombe idhini, uiache ipakue usiku. Hata mwenye diski asidhani ameepukana na intaneti kabisa, kwani masahihisho ya mchezo huja mara kwa mara, na mengine ni makubwa.

> HADHARI: RADI NA UMEME WA KUKATIKA
> Nyanda zetu hupata radi nyingi tangu Novemba hadi Aprili. Unaposikia ngurumo usiridhike na kuzima swichi: chomoa waya wa mashine, wa runinga, na ule wa dishi la king'amuzi, kwa kuwa radi hupita katika waya wa dishi ikaingia katika runinga, na kutoka humo ikaifikia mashine. Umeme ukikatika na kurudi, ngoja dakika kadhaa kabla ya kuwasha, maana mara nyingi hurudi na nguvu isiyotulia. Stebilaiza nzuri ni rahisi kuliko fundi. Fauka ya hayo, usiiache PS5 katika hali ya usingizi. Izime kabisa, kwa sababu umeme ukikatika ingali inaandika kumbukumbu unaweza kupoteza ulichohifadhi.

3. Saa ya kwanza: mipangilio

Wachezaji wengi hubonyeza "endelea" katika kila ukurasa wa mwanzo kwa shauku ya kuona vita, kisha hulalamika baadaye kwamba mchezo ni mgumu au hauna raha. Ugumu huo aghalabu wamejiwekea wenyewe. Fanya hivi:

1. Weka maandishi ya mazungumzo yaonekane, na uyakuze. Mchezo hauna Kiswahili. Maneno ya Kiingereza yakisomwa hueleweka upesi kuliko yakisikika tu.

2. Chagua ugumu wa kupigana na ugumu wa kunyemelea mbalimbali, kwa kuwa mchezo huvitenga. Kwa anayeanza, wastani katika kupigana na usamehevu katika kunyemelea ni mchanganyiko mwema.

3. Fikiria kipengele cha mauaji ya hakika. Bila ya hicho, adui mwenye uhai mwingi anaweza kuchomwa na kisu cha siri asife, akageuka na kukuitia wenziwe. Ukikiwasha, pigo la siri humaliza kazi. Si aibu kukiwasha, wala si sifa kukizima.

4. Acha uelekezi wa safari ukiwa umezimwa mwanzoni. Mchezo utakupa dalili za maneno, mathalani kwamba unayemtafuta yuko kusini mwa jimbo fulani karibu na mto, na kuzifuata dalili hizo ni nusu ya ladha yake.

5. Ukitaka kusikia wahusika wakisema kama zama zile, iko hali maalumu ambayo ndani yake watu husema Kijapani na Kireno. Ni nzuri sana, lakini ngoja mpaka umezoea kusoma maandishi huku ukitenda.

4. Naoe: namna ya kuingia ngomeni

Saa nyingi za mwanzo utakuwa na Naoe, na jambo hili limepangwa kwa hekima, kwani yeye ndiye mwalimu wa mchezo mzima. Ni mwepesi, hupanda kuta kwa kamba yenye kulabu, hulala kifudifudi na kutambaa, na ana uwezo wa kuona uitwao Jicho la Tai. Walakini mwili wake ni dhaifu, na walinzi watatu kwa pamoja wanatosha kumwangusha. Adui mkubwa wa Naoe si upanga bali ni mwanga, na rafiki yake ni kivuli, basi mpango wote wa kuingia ngomeni hujengwa juu ya mambo hayo mawili.

1. Fika usiku. Ikiwa ni mchana na huna dharura, ngoja jua lizame.

2. Panda mahali pa juu nje ya ngome, utulie, uwatambue walinzi mmoja mmoja mpaka njia zao uzijue. Kazi hii hupewa dakika chache na wengi, nayo ndiyo huamua kila kitakachofuata.

3. Chagua njia ya kutokea kabla ya kuchagua njia ya kuingilia.

4. Zima taa zilizo katika njia yako, kwa mkono ukiwa karibu au kwa kutupa silaha ndogo ukiwa mbali. Kiasi unachoonekana huoneshwa katika skrini. Kikitazame kama dereva atazamavyo kioo.

5. Anza na mlinzi aliye pembeni, asiyetazamwa na mwenziwe, kisha mburute umfiche. Maiti ikionekana ngome nzima huamka.

6. Ndani ya majumba enenda taratibu, umechutama. Ziko sakafu za mbao zilizotengenezwa makusudi zilie zikikanyagwa, na wako watumishi wasio na silaha ambao wakikuona hukimbia kuwaita walinzi.

7. Waondoe kwanza makamanda waitwao samurai daisho. Ukiwamaliza wote, kasha kubwa la ngome hiyo hufunguka, nalo lina silaha au vazi la thamani.

8. Ukionekana, usipigane kwa ghadhabu. Tupa bomu la moshi, panda darini au uzame majini, ambako Naoe hupumua kwa unyasi, ungoje wakusahau.

5. Yasuke: namna ya kupigana

Yasuke atakapofunguka usimwongoze kama Naoe aliyevaa chuma. Yeye hupanda kwa taabu, hana Jicho la Tai, na akijificha huonekana. Lakini huvunja milango kwa bega, hubeba rungu zito, mkuki wenye bapa, upinde na bunduki ya utambi, na mapigo yamwangushayo Naoe yeye huyahimili. Mtumie pale ambapo vita haviepukiki: makamanda wa peke yao, uwanja wa wazi, na kulipiza pale Naoe aliposhindwa.

Siri ya upanga katika mchezo huu ni kusoma rangi, kwa maana silaha ya adui humeremeta kabla ya pigo:

- *Mng'aro wa buluu:* mapigo yatakuja mfululizo, nawe kinga kila moja kwa wakati wake. Ukifaulu adui hulegea, na hapo ndipo pa kumpiga.
- *Mng'aro mwekundu:* haukingiki. Kwepa pembeni, kisha urudi.
- *Hakuna mng'aro:* pigo la kawaida. Kinga au kwepa upendavyo.

Kwa muda wa pambano zima la kwanza na kila adui mpya, azimia kukinga na kukwepa bila kurudisha pigo hata moja. Utapigwa kidogo, lakini utakuwa umejua mwendo wake, na pambano la pili litakuwa fupi.

6. Ramani, wapelelezi na majira

Ramani ya Shadows imegawanyika katika majimbo tisa, na kila jimbo lina kiwango chake. Adui ambaye nambari yake ni nyekundu amekuzidi sana, basi mwache mpaka ukue. Milima ya Japani ina misitu minene na miteremko ambayo Naoe mwenyewe huteleza humo. Kwa hiyo fuata barabara, kwani mkato wa msituni ni mrefu kuliko njia.

*Kumtafuta mtu:* soma dalili zote, ubane mahali katika ramani, ndipo utume wapelelezi. Wapelelezi wako ni wachache, nao hurejea majira yabadilikapo, au kwa kulipa katika nyumba za siri ziitwazo kakurega. Usiwatume kwa kubahatisha. Hizo kakurega zifungue kila uzionapo, maana humo hujaza silaha na dawa, hubadili mhusika, na husafiri toka moja hadi nyingine kwa mara moja.

*Majira:* mchezo una majira manne, na kila moja hubadili mbinu. Wakati wa kiangazi nyasi ni ndefu na maficho ni tele. Wakati wa baridi kali madimbwi huganda, na njia uliyoizoea ya kupita chini ya maji hufungika.

*Maskani yako:* utapewa kiwanja cha kujenga. Usipoteze mbao na madini kwa mapambo ya mwanzo. Jenga kwanza karakana ya mhunzi ili uboreshe silaha, kisha chumba cha wapelelezi, kisha uwanja wa mafunzo ya wasaidizi.

*Ustadi:* ziko pointi za ustadi, ambazo hununua mbinu, na ziko pointi za maarifa, ambazo hufungua daraja la mbinu hizo. Hizi za pili hupatikana katika mahekalu, katika tafakuri ya Naoe na katika mazoezi ya upanga ya Yasuke. Mchezaji anayeuliza kwa nini ana pointi nyingi asizoweza kuzitumia aghalabu amepita kila hekalu bila kuingia.

7. Makosa yanayorudiwa na wengi

- Kukimbilia hadithi kuu bila kukuza kiwango, kisha kukwama mbele ya adui wa nambari nyekundu.
- Kuhifadhi mchezo mahali pamoja tu. Uwe na nafasi tatu, uzizungushe, hasa pale ambapo umeme haustahili kuaminiwa.
- Kununua vitu vya fedha halisi katika duka la ndani ya mchezo. Hakuna hata kimoja unachokihitaji ili umalize.
- Kuinunua mapema nyongeza ya Claws of Awaji, iliyotoka tarehe 16 Septemba 2025. Maliza hadithi kuu kwanza.
- Kulimbikiza silaha za zamani. Ziuze au uzivunje upate malighafi.

8. Nyumbani na katika banda la gemu

Mchezo huu umewekewa daraja la umri wa miaka 18 kwa kipimo cha Ulaya, kwa sababu ya damu na ukatili ulio wazi. Mzazi asichukulie kwamba kila gemu ni ya watoto. Aucheze yeye, au kijana wake mkubwa, wadogo wakisha kulala, na iko mipangilio ya kupunguza damu kwa anayetaka.

Hadithi kuu peke yake huchukua zaidi ya saa 30, basi si mchezo wa kulipia kwa dakika. Ukiwa huna budi kuucheza bandani, mwombe mwenye banda akufungulie jina lako la mchezaji katika mashine, maana mkitumia jina moja, atakayekuja baada yako ataendelea pale ulipofikia, au ataandika juu ya kazi yako. Na kwa sisi wakulima, wakati wa kuchuma kahawa si wakati wa kuanza mchezo wa saa 30: kahawa iliyoiva haingoji, ilhali ngome ya Japani itakungoja mwaka mzima bila kuoza.

Orodha ya kukagua kabla ya kuanza

☐ Mashine ni ya kizazi kipya, ina tundu la diski, na nina risiti.
☐ Stebilaiza ipo, na najua waya zote za kuchomoa radi ikianza.
☐ Uniti za LUKU zimehesabiwa, na mwenye nyumba ameridhia.
☐ Masahihisho ya mchezo yamepakuliwa.
☐ Ugumu wa kupigana na wa kunyemelea umechaguliwa kwa makusudi.
☐ Nafasi tatu za kuhifadhi ziko tayari.
☐ Wadogo hawapo chumbani.
☐ Saa ya kuacha imekwisha kupangwa.

Mstari huo wa mwisho usiupuuze. Chagua saa ya kuacha kabla ya kushika pedi, kwa sababu mchezo huu umetungwa kwa namna ambayo kila kazi ikiisha nyingine huwa imekwisha kukuita. Nawe ukifika saa ile, ingia katika kakurega iliyo karibu, uhifadhi katika nafasi inayofuata, uizime mashine kabisa, na ndipo uchomoe waya.